Leseni ya Ofelia Cantú na Mechi ya Ng'ambo

Siku Ofelia Cantú alipoajiriwa kuwa tabibu wa timu katika sekondari ya Dos Pozos, magharibi ya Texas, jambo la kwanza aliloligombania lilikuwa msumari. Ulikuwa mmoja tu katika ukuta wa chumba cha kufungia bandeji, na kwa miaka mingi ulikuwa umebeba kofia ya Kocha Dwayne Puckett. Ofelia alitaka kutundika leseni yake pale, kila anayeingia aione kabla hajamwona mwenyewe. Puckett akamwambia kuta ziko nne, achague pengine. Ofelia akamjibu kwamba kuta nyingine zote zinalowa mvuke wa bafu.

"Kofia ina kichwa cha kuivaa," akasema. "Leseni haina."

Puckett akacheka kwa meno ya mbele tu, akaiondoa kofia yake. Tangu hapo akawa anaiweka juu ya mashine ya barafu, na kila mara akaikuta imelowa. Hakumsamehe sawasawa.

Wasioijua kazi ile humwita tabibu wa timu mtoa maji. Si daktari, wala si kocha. Ni yeye anayefunga vifundo vya miguu kwa tepu kabla ya mazoezi, anayekimbia uwanjani kijana akilala chini, anayeweza kutofautisha goti lililoteguka na goti lenye woga. Huko Texas mtu hajiiti hivyo kwa mdomo wake. Jimbo linamtaka asome, atumike chini ya mwenye leseni, kisha asimame mbele ya watahini. Hata akiipata leseni, haijawa mali yake kabisa. Muda wake huisha, mwenyewe huihuisha kwa masomo mapya, na akivurunda vibaya hunyang'anywa kama dereva mlevi.

Ofelia aliitafuta leseni hiyo kutoka chini kabisa. Alizaliwa nyuma ya kiwanda cha kuchambulia pamba. Baba yake alikuwa fundi wa mashine za kiwanda, na mama yake aliuza tamale, mikate ya mahindi iliyojazwa nyama, langoni msimu wa mavuno. Kwa mama ndiko alikojifunza biashara: usitaje bei kabla mnunuzi hajanusa sufuria, na kitu usichotaka kukiuza usikiweke mezani.

Alipokuwa mwanafunzi, wasichana waliruhusiwa katika chumba cha bandeji kwa kazi moja, kufua taulo. Ofelia akafua. Tabibu wa wakati ule alikuwa mzee mnene aliyekuwa akihema akiinama, na Ofelia akamwona mahali anapoumia. Akampa mapatano: yeye atafua taulo zote, na atawafungia miguu wachezaji wa benchi ambao mzee alichoka kuwainamia, naye mzee amfundishe kila anachokijua. Mzee akaona amepata rahisi. Hakujua anauza duka zima.

Nyumbani akafunga tepu miguu ya meza, miguu ya kaka zake, na mara moja mguu wa mbuzi wa jirani, ambao ulikuwa umeteguka kweli na ukapona kweli. Akaenda chuo. Akakaa miaka yake chini ya mwenye leseni, akibeba barafu na kunyamaza. Kisha akaenda mbele ya watahini wa jimbo, na mara ya kwanza akaanguka.

Alipewa kifundo cha mguu akifunge. Akakifunga bila kunyanzi hata moja. Mtahini, mwanamume mrefu mwenye suti iliyompwaya, akainama akautazama mguu ule kwa muda, akasema, "Umeufunga kama zawadi ya Krismasi, mama. Sasa niambie, mguu wenyewe uko hai?" Ofelia alikuwa amesahau kubonyeza ukucha wa kidole gumba kuona kama damu inarudi. Mtu akifungwa vizuri na damu isipite, amefungwa vibaya. Akarudi nyumbani kwa basi. Mama yake akamwekea sahani ya maharage, akamwambia sufuria la kwanza huungua, ale. Mwaka uliofuata alifaulu, na mama akaitazama leseni mbele na nyuma, akauliza kama haifubai juani.

Ndiyo maana msumari ulikuwa na maana.

Sasa, kila mwaka, kabla ya mashindano yenyewe kuanza, Dos Pozos hucheza mpira wa Kimarekani na Llano Alto, mji ulio ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la New Mexico. Huchezwa huko huko Llano Alto, Jumamosi mchana, na mshindi huondoka na jembe kuukuu la chuma lililopakwa rangi za shule zote mbili. Kutoka shule hadi shule ni mwendo wa kumaliza sandwichi moja, ila ukivuka kibao cha mpaka saa inarudi nyuma, na kila mwaka kuna mjinga anayefika mapema na kujisifu.

Matabibu wa timu wana desturi yao. Kabla mpira haujapigwa hukutana katikati ya uwanja, mwenyeji na mgeni, wakapeana mikono. Mwenyeji humwonyesha mgeni barafu iko wapi, gari la wagonjwa litapitia lango gani na ufunguo anao nani. Kisha husema neno moja: wako ni wangu. Maana yake, kijana wako akianguka na wewe umeshikwa na mwingine, mimi nitamwinamia kama wangu.

Mwenyeji pale Llano Alto alikuwa Eloy Baca, mwenye leseni ya New Mexico na mbegu za alizeti mdomoni saa zote. Yeye na Ofelia hawakupendana. Kila mwaka waligombana juu ya barafu, kwa kuwa Ofelia alikuja na kidogo akatumia nyingi. Lakini Eloy alisema neno la desturi, akatema ganda, wakaachana.

Mwaka wa kisa hiki, mchezo ulikuwa katika kipindi cha tatu kati ya vinne, Dos Pozos wako nyuma kwa pointi chache, watu wamesimama majukwaani na vikombe vyao vya chipsi za mahindi zilizomwagiwa mchuzi wa nyama. Mrushaji wa Dos Pozos, yule anayeamuru mchezo na kurusha mpira, alikuwa Braylon Stroud. Kijana mwema, mkono kama kombeo. Baba yake, Royce Stroud, alifuga ng'ombe na alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule, yaani mtu aliyeweza kumwajiri Ofelia na kumfukuza kabla ya chakula cha mchana. Braylon akarusha, na wawili wakamkuta hewani, mmoja mbele na mmoja nyuma. Kichwa chake kiligonga chini kikadunda. Akainuka mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Kisha akatembea kwa madaha kwenda kuketi benchi la Llano Alto.

Ofelia alikuwa amekwisha kukimbia. Akamshika mkono, akamrudisha upande wake, akamtazama macho, akamwuliza mawili matatu, na kabla hajasema lolote kwa mtu yeyote akaivua helmeti ya kijana, ile kofia ngumu ya kukinga kichwa, na kuikumbatia kwapani. Hiyo nayo ni desturi ya kazi. Humnyimi kijana ruhusa, kwa sababu ruhusa atakwenda kuiomba kwa kocha. Unachukua helmeti. Bila helmeti hakuna mwamuzi atakayemwacha akanyage nyasi. Na sheria ilikuwa wazi: aliyeshukiwa kutikisika ubongo harudi uwanjani siku ile, hata aimbe wimbo wa shule kinyumenyume.

Puckett akaja kwa sauti ya upole, ile ya kununulia gari kuukuu.

"Bi. Ofelia, mpe hewa kidogo, kisha nirudishie."

"Harudi leo, Kocha."

"Arushe mmoja tu, atoke."

"Hata huo mmoja."

"Basi akae kipindi hiki chote. Kinachofuata aingie. Hapo nimekupa kingi."

"Unapandisha bei ya kitu ambacho hakiko mezani," Ofelia akamwambia, akaibana helmeti zaidi.

Hapo Royce Stroud alikuwa amekwisha kuruka uzio, buti na kofia na yote. Akamtazama mwanawe, akamwona amesimama, hana damu. Akasema yule ni mtoto wake na yeye anaona ni mzima. Ofelia akamjibu kwa adabu kwamba ni mtoto wake leo na atakuwa mtoto wake mwakani, na ni huyo wa mwakani anayemshughulikia. Royce hakuzoea kujibiwa. Akamgeukia Puckett kama mtu anayeuliza, nani anaendesha hapa?

Na Puckett, aliyekuwa na jukwaa zima mgongoni na mwenyekiti wa bodi usoni, akatoa alichokuwa amekiweka akiba.

"Isitoshe, hapa si Texas," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi benchi. "Leseni yako imebaki kule kwenye kibao cha mpaka, mama. Huku hata saa yako inasema uongo, seuze karatasi yako."

Vijana wawili wa akiba wakacheka.

Neno lile lilimchoma, kwa sababu halikuwa la kipumbavu. Leseni ni ya jimbo. Matabibu wenyewe kwenye mikutano yao walinong'ona juu ya jambo hilo: ukivuka mpaka na timu yako, wewe ni nani? Wengine walisema uko salama, wengine walisema uko uchi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujua. Ofelia alikuwa ameliwaza jambo hilo ndani ya basi kila mwaka, kibao kikipita dirishani. Sasa akajiona amesimama nyasi za watu na helmeti kwapani, mwanamke mtu mzima, na leseni aliyoitafuta kwa taulo na miguu ya meza ikiwa imegeuzwa karatasi ya kufungia nyama.

Lakini akili yake ya langoni haikulala. Akaona Puckett ametaja bei kabla ya kunusa sufuria.

"Sema tena, Bwana Stroud asikie vizuri," akamwambia. "Huku mimi si tabibu?"

"Huku wewe ni mama mwenye begi la barafu."

"Nimesikia. Basi timu yako haina tabibu leo. Na mahali pasipo na tabibu wa mgeni, mgonjwa ni wa mwenye uwanja."

Akavua taulo begani, akaipunga. Upande wa pili Eloy Baca akatema maganda na kuja, si mbio, kwa mwendo wa mtu anayejua anatazamwa. Ofelia akamweleza kwa maneno machache alichokiona na walichosemezana, akamkabidhi helmeti. Hilo lilimuuma kuliko tusi. Ni sawa na kumpa jirani mgomvi ufunguo wa nyumba yako mbele ya wanao. Lakini Puckett aliweza kumtisha Ofelia kwa mkate wake, na mkate wa Eloy haukutoka tanuri la Dos Pozos.

Eloy akamketisha kijana, akachuchumaa mbele yake, akamwuliza kwa utaratibu. Wanacheza na nani? Braylon akajibu sawa. Nani anaongoza? Akafikiri, akasema sisi. Puckett akasema kila mrushaji hujibu hivyo, hiyo ni imani. Eloy hakumgeukia. Akamwuliza nani amekuja kumtazama leo.

"Baba," akasema Braylon. "Na babu. Babu yuko juu kule, upande wa jua. Kanipungia sasa hivi."

Eloy akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kwake yeye lilikuwa jibu zuri: kijana anajua watu wake na mahali walipoketi. Ofelia aliijua kasoro ya jibu lile. Aliona si lake kulisema.

Royce Stroud aliivua kofia yake.

"Baba yangu tulimzika mwezi wa nne," akasema.

 Eloy akasimama, magoti yakamlia. Puckett, kwa kuwa mtu akishazoea kuvuta kamba haachi hata ng'ombe akiwa amekwenda, akasema kwamba bado yeye ndiye kocha wa timu ile.

"Wewe ni kocha, sikatai," akasema Eloy. "Ila mimi silipwi na shule yako. Unasema leseni yake imeishia kwenye kibao? Basi yangu imeanzia hapo hapo."

Akaenda na helmeti hadi gari la wagonjwa, akaitia ndani, akafunga mlango kwa ufunguo wake. Alipopita tena mbele ya Ofelia akamnong'oneza kwamba amemmalizia barafu yake, kama kawaida. Ofelia akamwambia mwakani atamlipa kwa iliyoyeyuka.

Braylon alipelekwa hospitali na baba yake. Madaktari walimpiga picha, wakaona hakuna damu iliyovuja, wakamwamuru apumzike, asisome, asitazame simu, asikimbie mpaka waseme wao. Dos Pozos walicheza na mrushaji wa akiba, wakafungwa vibaya, na jembe likabaki Llano Alto.

Mji ulinung'unika, kama mji unavyonung'unika. Mkahawani kifungua kinywa kililetwa kwa Ofelia kimechelewa na kimepoa. Mtu mmoja akamwuliza kama Jumamosi ijayo atavaa rangi za Eloy. Ofelia akamwambia inategemea, Eloy ana barafu zaidi.

Jumapili baada ya kanisa Royce alisimamisha pikapu yake mbele ya nyumba ya Ofelia, akazungumza kupitia dirisha bila kuzima injini. Kwanza alitaka kujua mwanawe atarudi lini, na alipoambiwa ni mpaka daktari aseme, kisha hatua kwa hatua, akajaribu kupunguza. Ofelia hakumpunguzia. Royce akacheka kidogo, cheko la mfugaji aliyekutana na mfugaji. Kisha akasema kocha na watu wa klabu ya wachangiaji wa timu wanataka aondolewe, na wanaweza kupata mtu wa kubeba maji kwa urahisi.

"Sasa niambie unataka nini," akasema. "Nitalimaliza kesho."

Mwingine angeomba kazi yake. Ofelia alijua kazi ndiyo kitu rahisi kabisa mfukoni mwa Royce, na akiipokea kama sadaka atakuwa wa sadaka maisha yake yote.

"Nataka unyamaze, Bwana Stroud," akamwambia. "Ukimlazimisha Kocha wewe, atanitii mpaka utakapotoka kwenye kiti. Nikimbana mimi, atanitii mpaka atakapostaafu."

Royce akatia gia, akaondoka.

Jumatatu Puckett alimwita ofisini. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kuamua, akaanza kwa kusifu miaka yao pamoja, na Ofelia akamwacha asifu mpaka akaishiwa. Alipofika kwenye neno la kuachana kwa amani, Ofelia akamwuliza jambo moja. Jumamosi, mbele ya mwenyekiti wa bodi na benchi zima, Kocha alisema kwamba ng'ambo ya mpaka yeye Ofelia si tabibu. Analishikilia neno lile?

Puckett akasema, ndiyo, analishikilia.

"Basi ulivusha vijana wa watu mpaka bila tabibu, na ukijua," akasema Ofelia. "Tena si mwaka huu tu, ni kila mwaka. Wazazi wakiuliza, nami wataniuliza, nitawaambia nilichokisikia kwako. Sitaongeza chumvi."

 Puckett akaichukua kalamu, akaiweka. Alikuwa kocha mzuri, hilo lazima lisemwe, na kocha mzuri hujua mchezo umekwenda upande gani kabla ya filimbi.

"Na kama silishikilii?"

"Basi mimi nilikuwa tabibu wako pale, na neno langu lilikuwa neno la mwisho, nawe ulikosea. Chagua lolote, Kocha. Sokoni hatuwezi kuondoka na vyote viwili."

Puckett akamwuliza anataka nini. Ofelia akasema hataki aombwe radhi, radhi haifungi kifundo. Anataka maneno, mbele ya timu nzima, leo kabla ya mazoezi, yasemwe na kinywa chake Puckett na si cha mtu mwingine. Puckett akajaribu kuyafanya yawe ya faragha. Akajaribu yawe ya Ijumaa. Ofelia akakaa tu, mikono mapajani, kama aliye na mchana mzima wa kukaa.

Mchana ule vijana walipiga goti uwanjani, helmeti kando. Braylon alikuwapo, amevaa miwani ya jua na kofia, amekatazwa jua lakini hakukatazwa kusikiliza. Puckett akasimama mbele yao, akakohoa.

"Helmeti ikishikwa na Bi. Ofelia," akasema, "msiniangalie mimi. Mimi sina la kusema. Iwe hapa, iwe New Mexico, iwe mwezini."

La mwezini lilikuwa lake mwenyewe. Ofelia hakuliomba, na kwa kuwa aliliongeza bure, alijua ameipata bidhaa halisi.

Mchezaji mmoja mnene wa ulinzi, kutoka nyuma, akauliza, "Na Oklahoma je, Kocha?"

"Na Oklahoma," akasema Puckett. "Haya, inukeni."

Vijana wakacheka, wakainuka. Ofelia hakucheka, mwuzaji anayecheka mapema hurudishiwa bidhaa. Akawaita wenye vifundo vibovu wamfuate. Kwa kawaida alikirudia chumba chake kwa mlango wa nyuma, ulio karibu. Siku ile alikata katikati ya uwanja, polepole, begi begani na kichwa juu, na wale vijana wakubwa wenye mabega kama milango wakampisha, mmoja baada ya mwingine, wakisema ndiyo mama, pita mama.